Nani Kapendelewa? Kupima Usawa wa Mchezo wa Ubao Ambao Pande Zake Hazifanani

Mwaka 1732 Carl Linnaeus, mtaalamu wa mimea kutoka Uswidi, wakati huo kijana wa miaka 25, alisafiri hadi Lapland, kaskazini mwa Skandinavia, kuchunguza mimea. Katika shajara yake ya safari aliandika pia kuhusu mchezo aliowakuta Wasami, wenyeji wa huko, wakiucheza, uitwao tablut. Alichora ubao wake wa nyumba 81, akaeleza kete zinavyopangwa na zinavyoliwa. Upande mmoja una mfalme na walinzi 8. Upande wa pili una washambuliaji 16 na hauna mfalme kabisa. Mfalme huanzia katikati na anatafuta njia ya kutorokea ukingoni; washambuliaji wanataka kumnasa kabla hajafika huko.

Anayeuona ubao huo kwa mara ya kwanza hupiga hesabu ya haraka: 16 kwa 9, mfalme kaonewa. Lakini kwa kanuni zilizofahamika baada ya shajara hiyo kuchapishwa kwa Kiingereza mwaka 1811, mambo yalikuwa kinyume kabisa. Mfalme alikuwa hashikiki. Hakuna kete iliyoongezwa wala kupunguzwa, na ubao ulikuwa uleule. Kilichobadilika ni kanuni moja tu, ya namna mfalme anavyokamatwa.

Ndiyo maana nasema idadi ya kete ndicho kitu cha mwisho cha kutazama unapopima mchezo wa aina hii. Katika drafti au sataranji pande zote mbili zina silaha zilezile na lengo lilelile, kwa hiyo swali la usawa ni dogo: anayeanza anapata faida kiasi gani? Katika tablut pande hazina silaha sawa, hazina lengo sawa, wala hazishindwi kwa njia moja. Huwezi kuziweka bega kwa bega ukazilinganisha. Unachoweza kufanya ni kutafuta kanuni zinazobeba uzito, kisha uone zinauelemeza upande gani.

Kanuni tatu zinazoamua kila kitu

Tuingie ndani ya tablut kidogo, maana mfano huu una karibu kila kitu tunachokihitaji. Kete zote hutembea kama ngome ya sataranji: kwenda mbele, nyuma au pembeni kwa mstari ulionyooka, umbali wowote, bila kuruka kete nyingine. Kete huliwa inapobanwa katikati ya kete mbili za adui zilizo kwenye mstari mmoja, moja huku na nyingine kule. Mpaka hapo pande zote ni sawa.

Tofauti inaanza kwa mfalme. Kwa maelezo ya Linnaeus, mfalme akiwa kwenye kiti chake cha katikati lazima azungukwe pande zote nne. Akisimama kwenye nyumba inayopakana na kiti, zinatosha kete tatu kwenye pande zilizobaki. Akishatoka hapo na kwenda mbali, anabanwa na kete mbili kama askari mwingine yeyote. Toleo la 1811 liliipoteza sehemu hiyo ya mwisho, wasomaji wakaelewa kwamba mfalme anakamatwa kwa kete nne popote alipo.

Hebu pima matokeo yake. Ukingo wa ubao wa 9 kwa 9 una nyumba 32, na zote ni milango ya mfalme. Washambuliaji ni 16. Ukilazimika kumzingira mfalme kwa kete nne, zinabaki 12 za kulinda milango hiyo yote, na hapo hatujahesabu zitakazokuwa zimeliwa njiani. Zaidi ya hayo, mlinzi mmoja tu akikaa ubavuni mwa mfalme, mzingo wa kete nne hauwezekani mpaka mlinzi huyo aliwe kwanza. Kwa kanuni ya kete mbili, mlinzi huyohuyo humkinga mfalme kwenye mstari mmoja tu. Mstari wa pili unabaki wazi kwa shambulio. Kanuni moja imebadilika, na thamani ya kila mlinzi ubaoni imebadilika nayo.

Waliouhuisha mchezo huu karne ya 20 waliliona tatizo, wakaanza kuziba viraka. Wengine waliondoa milango ya ukingoni wakaacha pembe nne tu. Wengine walimnyang'anya mfalme silaha: anatembea lakini hawezi kushiriki kula. Wengine walimfupishia hatua. Kila kiraka kinafanya kazi kwa namna yake, ila kumbuka kwamba vyote vilikuwa vinatibu ugonjwa ambao shajara yenyewe haikuwa nao. Kanuni ya kete mbili iliporudishwa baada ya maandishi ya Kilatini ya Linnaeus kusomwa upya, mchezo uliweza kusimama bila magongo.

Kwa hiyo mtu akinikabidhi mchezo mpya wa pande zisizofanana na kuniuliza kama uko sawa, siulizi kila upande una kete ngapi. Nauliza mambo matatu. Kila upande unashinda vipi, na milango ya ushindi huo ni mingapi? Kipande muhimu kinakamatwa kwa gharama gani? Na kipande hicho chenyewe kina uwezo wa kushambulia au ni mzigo wa kulindwa? Majibu hayo yakikaa vizuri, mengine yote yanarekebishika. Yasipokaa, hata uongeze kete kumi hutapata unachotafuta.

Kuna kanuni nyingine katika shajara ileile ambayo wengi huipita kama adabu tu ya mezani. Mfalme akiona njia moja iliyo wazi hadi ukingoni, mchezaji wake anatakiwa atamke "raichi". Akiona njia mbili, anatamka "tuichu", na hapo mchezo umekwisha, kwa kuwa mshambuliaji ana zamu moja na hawezi kuziba njia mbili kwa kete moja. Mtu mzoefu hahitaji kuambiwa "raichi". Ameshaiona hatari zamu mbili nyuma. Kwa mgeni, tamko hilo humwokoa mshambuliaji mara kadhaa kwenye mchezo mmoja. Kanuni hiyohiyo basi inaelemea upande mmoja kwa wanaojifunza, na haimwelemei yeyote kwa waliokomaa.

Kanuni zikikaa kimya

Kabla ya kuhesabu nani anashinda mara ngapi, soma kitabu cha kanuni kama wakili anayetafuta mwanya. Michezo ya pande zisizofanana ina pengo nyingi kuliko mingine, kwa sababu mtunzi ameandika kanuni za pande mbili na kila upande unakutana na mwenzake mahali ambapo hakuna kilichoandikwa.

Kwenye tablut na ndugu zake maswali ni mengi. Kiti cha mfalme kikiwa kitupu, kete nyingine zinaruhusiwa kupita juu yake? Je, kinahesabiwa kama adui, yaani kete inaweza kubanwa kati ya kiti kitupu na adui mmoja? Kete ikijiingiza yenyewe katikati ya maadui wawili, inaliwa au iko salama? (Karibu kila toleo linasema iko salama, lakini lisiposema, ugomvi hauko mbali.) Kila jibu huhamisha uzito kidogo, na ukijumlisha majibu matatu unaweza kupata mchezo mwingine kabisa.

Pengo baya kuliko zote ni la kurudiarudia. Tuseme mfalme amejengewa ngome na walinzi wake, mshambuliaji hawezi kuipenya, na mfalme hataki kutoka. Anasogeza kete kushoto, kisha kulia, kisha kushoto. Mchezo huo ni sare? Ukisema ni sare, umempa mfalme mlango wa ziada: akizidiwa anajifungia ndani. Ukisema anayerudiarudia anashindwa, inabidi ueleze anayerudia ni nani, maana mara nyingi wote wawili wanajibizana. Kanuni za Copenhagen za mwaka 2012, za hnefatafl, ndugu wa tablut mwenye ubao mkubwa zaidi, zilizotokana na kanuni za Fetlar za mwaka 2008, zilikabili mambo ya jinsi hii kwa kuongeza njia mahususi za kumaliza mchezo. Washambuliaji wakimzingira mfalme pamoja na walinzi wote waliobaki, bila mwanya wa kutokea, wameshinda. Kwa upande mwingine, mfalme akijenga ngome iliyogusa ukingo, isiyoweza kuvunjwa, naye ndani yake bado ana nafasi ya kusogea, ameshinda yeye. Ni kanuni mbili, moja kwa kila upande, na kazi yake ni kuzuia michezo isiyo na mwisho.

Mtu anayepima mchezo bila kuyamaliza maswali haya kwanza anapima kitu kisichokuwepo. Meza ya kwanza imejibu pengo hivi, meza ya pili imejibu vile, halafu matokeo yao yanajumlishwa kana kwamba wote walicheza mchezo mmoja.

Kumi na mbili kwa nane si ushahidi

Sasa tuhesabu. Hapa ndipo wengi wanapokurupuka. Kikundi kinacheza mara 20, upande mmoja unashinda 12 na mwingine 8, na jioni hiyohiyo hukumu inatolewa kwamba mchezo umepinda.

Chukua mchezo ulio sawa kabisa, ambao kila upande una nafasi nusu kwa nusu kama kurusha sarafu. Ukiuchezesha mara 20, uwezekano wa upande mmoja au mwingine kuibuka na ushindi 12 au zaidi ni karibu asilimia 50. Yaani matokeo hayo yanayoonekana kama ushahidi hutokea takriban mara moja katika kila jaribio la pili, hata pasipo upendeleo wowote. Ukicheza mara 100, kosa linaloweza kuwemo katika makadirio (kwa uhakika wa asilimia 95) bado ni kama asilimia 10 juu au chini. Ili ulishushe hadi asilimia 5 unahitaji kama michezo 400. Hakuna kikundi cha marafiki kitakachofika huko kabla ya kuuchoka mchezo.

Kuna njia ya kupunguza makelele. Cheza kwa jozi: watu walewale wawili, mchezo wa kwanza mmoja anashika mfalme, wa pili wanabadilishana. Hapo angalau unatenganisha uhodari wa mtu na nguvu ya upande. Bila hivyo, kama mjuzi wa kikundi anapenda kushika washambuliaji, takwimu zako zitakueleza habari za mjuzi huyo, na kuhusu washambuliaji hutajua lolote. Andika pia mchezo uliisha vipi na kwenye zamu ya ngapi. Michezo mitano ambayo mfalme ametoroka kabla ya zamu ya kumi hunifundisha mengi kuliko ushindi thelathini ulioandikwa kwa alama ya vema tu, kwa sababu hunielekeza moja kwa moja kwenye mlango ambao haukulindwa.

Sawa kwa nani?

Hata ukipata michezo yako 400, bado kuna swali: iliyochezwa na nani?

Kuna mchezo wa mbweha na bukini unaochezwa kwenye ubao wa kawaida wa sataranji, kwenye nyumba nyeusi pekee. Bukini ni wanne, wamejipanga mstari wa kwanza, na wanakwenda mbele tu kwa mshazari. Mbweha ni mmoja, naye huenda mbele na nyuma. Hakuna anayeliwa. Mbweha anataka kupenya mstari wa bukini. Bukini wanataka kumbana asiwe na pa kwenda. Kila bukini ana hatua saba tu za maisha, kwa hiyo upande wao una hatua 28 za kutumia tangu mwanzo hadi mwisho, na hatua iliyopotea hairudi.

Waweke watu wawili wasioujua mchezo huu uone. Bukini mmoja hutangulia sana, pengo linatokea nyuma yake, mbweha anapita, basi. Mara nyingi mbweha hushinda na aliyeshika bukini hulalamika kwamba amepewa upande mbovu. Lakini mchezo huu ulishachambuliwa hadi mwisho: bukini wakichezwa bila kosa hawashindwi kamwe. Mchezo ni uleule. Kwa wageni mbweha kapendelewa. Kwa anayeijua mbinu, mbweha hana lake. Na mahali fulani katikati kuna kipindi kifupi ambacho uko sawa na unanoga kweli.

Bagh-chal wa Nepal ni mfano wa upande wa pili. Chui milia wanne dhidi ya mbuzi 20 kwenye ubao wa vituo 25. Mbuzi huingizwa ubaoni mmoja mmoja, na hawaruhusiwi kusogea mpaka wote waingie. Chui hula kwa kuruka, na wakishakula watano wameshinda. Mbuzi hushinda kwa kuwafunga chui wote wasiweze kusogea. Mgeni anayeshika mbuzi hupoteza wawili watatu mapema na kukata tamaa. Watafiti walipouchambua kwa kompyuta katika miaka ya 2000, jibu lilikuwa sare: pande zote zikicheza bila kosa hakuna anayeshinda. Kwenye karatasi huo ndio usawa kamili. Mezani, mgeni hataamini.

Kwa sababu hiyo mimi siiamini sana ile namba moja ya asilimia ya ushindi inayotajwa kama hukumu ya mwisho. Ni bora kuwa na namba mbili: ya watu waliocheza mara chache na ya watu waliozoea. Tofauti kati ya hizo ndiyo inayokueleza upande upi ni mgumu kujifunza, na ugumu wa kujifunza si sawa na udhaifu.

Kuna jambo jingine linalochanganya watu, nalo ni umbo la kushindwa. Katika tablut mshambuliaji hushindwa ghafla. Amezunguka vizuri zamu ishirini, akasahau mstari mmoja, mfalme yuko ukingoni. Upande wa mfalme hushindwa polepole: walinzi wanapungua, njia zinazibwa, na mchezaji anauona mwisho kabla haujafika. Pande mbili zinaweza kushinda nusu kwa nusu, na bado kila anayeshika washambuliaji akaapa kwamba kaonewa, kwa sababu kosa lake moja liligharimu mchezo mzima. Malalamiko hayo ni taarifa muhimu kwa mtunzi, lakini hayapaswi kutibiwa kwa kuongeza washambuliaji. Yanatibiwa kwa kumpa mchezaji onyo, au nafasi ya kujirekebisha. "Raichi" ilikuwa inafanya kazi hiyohiyo.

Namna za kusawazisha

Njia ya zamani kuliko zote ni kubadili idadi. Mbweha na bukini wa ubao wa msalaba, wenye vituo 33, alichezwa na bukini 13, na baadaye zikaenea seti zenye 15 na 17. Kila mara bukini wakizidiwa, wanaongezwa. Ni dawa rahisi lakini haina ustadi: bukini mmoja wa ziada wakati mwingine habadilishi chochote, wakati mwingine anageuza mchezo mzima, na hakuna nusu bukini.

Katika michezo ya siri, kitasa kinachozungushwa ni taarifa. Scotland Yard, wa mwaka 1983, una mkimbizi mmoja anayewindwa na wapelelezi, na mahali alipo hapaonekani isipokuwa kwenye zamu maalumu, kama ya 3, ya 8, ya 13 na ya 18. Sogeza zamu hizo karibu karibu na mkimbizi amekwisha. Zitenganishe zaidi na wapelelezi wanabahatisha. Huhitaji kugusa idadi ya wapelelezi wala ramani.

Njia ninayoipenda mimi ni mnada. Wachezaji wenyewe waseme upande una thamani gani. Twilight Struggle, mchezo wa mwaka 2005 kuhusu Vita Baridi, kwa muda mrefu wachezaji wa mashindano wameuona ukielemea upande wa Umoja wa Kisovyeti, hivyo huupa upande wa Marekani pointi za ziada za ushawishi, mara nyingi 2, au hushindana kwa dau kabla ya kuanza. Uzuri wa dau ni kwamba linajirekebisha. Mbinu mpya ikigunduliwa, bei inapanda au kushuka yenyewe, na mtunzi hana haja ya kuchapisha toleo jipya. Pia dau hukata domo: unayesema mfalme kapendelewa, haya, toa walinzi wangapi ili umpate?

Mezani wakiwa watatu au wanne, hesabu yote hii inalegea. Katika Root, mchezo wa makundi ya wanyama wa msituni uliotoka 2018, kila kundi lina kanuni zake na pointi hupatikana kwa njia tofauti, lakini wote wanakimbilia 30. Anayeongoza hupigwa na wengine. Nguvu ya kundi basi inategemea pia macho ya waliokaa mezani. Kundi linalokusanya pointi kimyakimya hushinda kwa watu wasiolijua na hushindwa kwa wanaolijua, bila kanuni yoyote kubadilika. Kitabu cha mchezo huo hakijifanyi kwamba makundi yote yana kishindo sawa. Kila kundi limepewa namba, Paka 10, Ndege 7, Muungano wa msituni 3, na unashauriwa jumla ya chini kulingana na idadi ya wachezaji: 17 kwa wawili, 18 kwa watatu, 21 kwa wanne. Muungano na Ndege peke yao ni 10 tu, hawatoshi kuujaza msitu. Paka na Ndege wanafika 17 barabara.

Ukishaamua kurekebisha, gusa kanuni moja, kisha rudi kwenye zile jozi. Anza na njia ya kushinda, ufuate gharama ya kukamata, halafu nani anaanza. Idadi ya kete iache mwisho. Mfalme wa pembe nne asiye na silaha na mwenye hatua fupi ni mfalme aliyetibiwa mara tatu kwa mpigo, na akianza kushindwa kila mara hutajua dawa ipi ilizidi.